Kodi ya duka kutoka Sh18,000 hadi Sh27,000 kwa ujumbe wa WhatsApp: mpangaji ana haki gani Mombasa?

Mpangaji_Kisauni

Salaam nyote. Naomba msaada wa wanaojua sheria za upangaji hapa Kenya, maana muda wenyewe ni mfupi.

Nimepanga duka la rejareja Kisauni tangu 2019. Hakuna mkataba wa maandishi. Kodi ni Sh18,000, nalipa kwa M-Pesa kila tarehe 5. Juu ya duka, jengo hilo hilo, nimepanga nyumba ya vyumba viwili kwa Sh14,000, nayo bila mkataba. Hizi kodi mbili huzituma pamoja, Sh32,000 kwa mkupuo.

Tarehe 28 Julai mwenye nyumba ametuma ujumbe wa WhatsApp: kuanzia Agosti duka ni Sh27,000 na nyumba ni Sh17,000. Anataka pia niongeze dipoziti ilingane na kodi mpya. Sababu aliyotoa ni kwamba mwenye ardhi amempandishia kodi ya kiwanja (jengo ni lake, ardhi si yake). Asiyetaka ahame, na asiyehama atafungiwa mlango kwa kufuli.

Maswali yangu:
1. Anaweza kupandisha kwa ujumbe wa simu, na kwa siku chache hivi?
2. Kuna kiwango cha juu kisheria? Hii ya duka ni asilimia 50.
3. Agosti nilipe ngapi?
4. Akiweka kufuli nifanye nini?

---

Mizani

Ndugu, tenganisha duka na nyumba kabla ya jambo lolote. Ni sheria mbili tofauti, na duka ndilo lenye ulinzi mkubwa zaidi. Kuanzia Agosti tuma kodi mara mbili, kila moja peke yake, ili kumbukumbu za M-Pesa zionyeshe wazi ipi ni ya nini. Ukiendelea na mkupuo mmoja, siku ya kesi mwenye nyumba anaweza kudai kwamba upungufu upo upande wowote unaompendeza.

Mimi nitajibu la duka, la nyumba wengine watasaidia.

Duka lako liko chini ya Sura 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za maakuli, iliyopo tangu 1965. Upangaji wa duka huwa "unaodhibitiwa" ikiwa hauna maandishi, au una maandishi ya muda usiozidi miaka 5, au maandishi yake yanaruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyo kosa la mpangaji. Wako hauna maandishi, kwa hiyo umo ndani. Watu wengi hudhani kukosa mkataba kunawaacha uchi. Kwa duka ni kinyume: kukosa mkataba ndiko kunakokuingiza kwenye ulinzi. Na "duka" hapo si rejareja na jumla tu, hata mahali pa kutolea huduma kwa malipo, kama kinyozi au fundi cherehani, pamo. Yasiyomo ni majengo ambayo mwenyewe au mpangaji ni serikali au baraza la mji, kwa hiyo wenye vibanda vya soko la kaunti wasijitie humu.

Kifungu cha 4 kinasema masharti ya upangaji huo hayabadilishwi kwa hasara ya mpangaji ila kwa notisi ya fomu maalum. Kwa mwenye nyumba ni Fomu A. Notisi hiyo:

– lazima itaje sababu ya mabadiliko;
– lazima ikutake useme kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu uipokee, kama unakubali au hukubali;
– haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kutoka siku uliyoipokea, hata ikiandikwa tarehe ya mapema kiasi gani.

Namna ya kuifikisha nayo imetajwa: kukabidhiwa wewe mwenyewe, mtu mzima wa familia yako au mfanyakazi wako, au barua ya rejista. Mtu akikataa kupokea, inabandikwa mahali pa wazi kwenye jengo. Ujumbe wa WhatsApp si Fomu A, na hata hiyo fomu ingepigwa picha na kutumwa kwa simu, njia hiyo haimo kwenye orodha. Basi kwa upande wa duka, ujumbe wa tarehe 28 haujabadilisha kitu. Kodi bado ni Sh18,000.

Kiwango cha juu cha asilimia hakipo. Mkishindana, anayeamua ni Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, wengi huliita BPRT. Jopo huangalia duka kama hilo lingepangishwa kwa bei gani sokoni. Kodi ya kiwanja iliyopandishwa na mwenye ardhi ni deni kati ya hao wawili. Yeye anaweza kuieleza kama sababu ya kutaka zaidi, lakini kipimo kinabaki soko.

---

Kaka_Nyali

Mimi ningesema lipa tu hiyo Sh27,000 kwanza upate amani, halafu ulalamike huku unafanya biashara yako. Na nyumba pia inalindwa, Kenya hairuhusiwi kupandisha kodi ya nyumba bila idhini ya jopo.

---

BintiMvita

Kaka, yote mawili yatamuumiza.

Kulipa kodi mpya bila kupinga kunageuka ushahidi kwamba umeikubali. Miezi mitatu ya Sh27,000 kwenye taarifa ya M-Pesa ni vigumu sana kuieleza baadaye kuwa "nilikuwa napinga". Na upande wa pili, asiache kulipa kabisa. Kuchelewesha kodi ya duka kwa miezi 2 tangu ilipopasa kulipwa, au kuchelewachelewa kila mara, ni sababu halali ya kumwondoa mpangaji chini ya kifungu cha 7. Wenye nyumba wengine hukataa kodi ya zamani makusudi ili deni lijikusanye. Dawa yake: tuma Sh18,000 tarehe 5 au kabla, kwa nambari ile ile ya kila siku. Akiirudisha, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, mwandikie siku hiyo hiyo kwamba pesa ziko tayari, na ukienda joponi omba amri ya kuziweka huko.

Sasa la nyumba, na hapa dada au kaka uliyeuliza ujue mapema kwamba habari si nzuri kama ya duka.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura 296, ipo na ina jopo lake. Lakini inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimeachwa pale pale miaka mingi, na leo kinagusa chumba kimoja kimoja cha mtaani tu. Aliye ndani ya kiwango hicho ana ulinzi kweli: kodi haipandi wala hatolewi bila jopo. Nyumba ya Sh14,000 haimo. Ni kosa linalowaponza wengi, wanajaza karatasi kwenye jopo lisilo na mamlaka, wanarudishwa, na notisi imeshakwisha muda.

Nyumba yako inaongozwa na makubaliano yenu na Sheria ya Ardhi ya 2012. Unalipa kila mwezi bila mkataba, kwa hiyo ni upangaji wa mwezi hadi mwezi. Kifungu cha 57 kinasema kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha upangaji, nayo imalizikie siku ya kulipa kodi. Hesabu yako ni hii: amekuandikia tarehe 28 Julai, mwezi mmoja unafika 28 Agosti, siku ya kodi inayofuata ni 5 Septemba. Kabla ya 5 Septemba hawezi kukuondoa hata kama ujumbe ule utachukuliwa kuwa notisi nzuri. Notisi ya "siku 30 kuanzia leo" inayomalizikia katikati ya mwezi ina kasoro hiyo hiyo, na wengi hawaioni.

Kodi ya Agosti ni ile ya zamani, Sh14,000. Lakini akikuandikia sawasawa kwamba kuanzia 5 Septemba ni Sh17,000, kilichopo mbele yako ni kukubali, kujadiliana au kuhama. Hana haja ya kuthibitisha soko wala kutoa sababu.

Kwa hiyo kwenye nyumba jadili, usishindane. Mwombe Sh15,500 sasa na Sh17,000 baada ya miezi 6, kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja. Ukiwa na mkataba wa muda maalum usio na kipengele cha kupandisha, kodi haiguswi mpaka muda uishe. Mkataba wa miaka 3 kurudi chini unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kodi ya mwaka huo wa kwanza ingekuwa 6 × 15,500 + 6 × 17,000 = Sh195,000, basi stempu ni Sh1,950. Ilipeni ndani ya siku 30 tangu kutia saini, maana mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani.

Dipoziti: hakuna sheria inayokulazimu kuiongeza kwa sababu tu kodi imepanda. Kama hamkukubaliana hivyo tangu mwanzo, ni ombi. Ukiikubali, dai risiti inayotaja neno "dipoziti" na jumla mpya. Siku ya kuhama akikataa kuirudisha, madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000 yanapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mahakama hiyo haisikilizi ugomvi wa nani akae ndani ya nyumba, huo ni wa mahakimu wenye mamlaka ya ardhi au Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kufuli halali haipo, si ya duka wala ya nyumba. Mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni kukamata mali kwa deni la kodi, na kwa duka linalodhibitiwa anahitaji kwanza ruhusa ya Jopo. Tena deni lenyewe liwe la kweli: ile Sh9,000 ya nyongeza ambayo haijaanza kisheria si deni. Akifunga duka, piga picha ya kufuli na mlango wote, andika saa, chukua majina ya walioshuhudia, nenda polisi uandikishe kwenye kitabu cha matukio, kisha peleka Joponi lalamiko chini ya kifungu cha 12(4) cha Sura 301 pamoja na ombi la dharura la kufunguliwa. Usiivunje mwenyewe. Ukivunja, siku inayofuata mada ni uharibifu wako na si kufuli lake.

---

MwenyePloti

Nichangie upande wa wenye nyumba, kwa sababu kupandisha kodi si dhambi. Tatizo ni namna. Ujumbe kama ule unamgharimu mwenye nyumba miezi ambayo hatairudisha kamwe: angetoa Fomu A sahihi mwanzo wa Julai, kufikia mwanzo wa Septemba angekuwa anapokea nyongeza au yuko Joponi.

Mwenye nyumba anayetaka notisi yake isimame afanye hivi. Fomu moja kwa kila duka, si barua moja ya "wapangaji wote". Jina la mpangaji liwe la yule anayelipa hasa. Kama ni kampuni, jina la kampuni. Ajenti akitia saini aandike anatia saini kwa niaba ya nani. Sababu iandikwe kwa maneno yanayoeleweka, kwa mfano kwamba kodi iliyopo iko chini ya ile ya soko la eneo hilo, na kiasi kipya kitajwe kwa tarakimu. Tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka siku ya kupokelewa. Zidisha wiki moja, kwa kuwa hujui mpangaji ataipata lini. Mpangaji atie saini kwenye nakala na tarehe. Notisi nyingi huanguka kwenye tarehe na kwenye sababu, mara chache kwenye kiasi.

Kiasi kinapiganiwa na wathamini. Ukienda Joponi na maneno matupu kwamba "eneo limechangamka", na mpangaji ana ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, umeshashindwa nusu. Linganisha kwa futi za mraba. Chukua duka la futi 10 kwa 12, yaani futi 120: Sh18,000 ni Sh150 kwa futi, Sh27,000 ni Sh225. Kama maduka ya mstari ule ule, ghorofa ile ile, yanayotazama barabara ile ile yanapangishwa kati ya Sh165 na Sh180 kwa futi, ombi la Sh225 litakatwa, lakini kodi itapanda hadi karibu Sh20,000 au Sh21,000. Mpangaji aliyeuliza apime duka lake na aulize majirani wanalipa ngapi tangu lini. Duka la uchochoroni si kipimo cha duka la barabarani, na kodi ya miaka minne iliyopita si kipimo cha leo.

Jambo la ushuru pia. Kodi ya jengo la biashara inatozwa VAT ya asilimia 16, ya nyumba ya kuishi haitozwi. Lakini anayetoza VAT ni yule aliyesajiliwa, na kulazimika kujisajili huanza mauzo yakifika Sh5,000,000 kwa mwaka. Mpangaji akiona "pamoja na VAT" kwenye notisi adai ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki). Ile asilimia 7.5 ambayo serikali inatoza mapato ya upangishaji wa nyumba za kuishi hulipwa na mwenye nyumba mwenyewe, haiongezwi juu ya kodi kama vile bili ya maji.

Na wapangaji wawe macho na mkataba utakaoletwa baada ya ugomvi huu. Mara nyingi huwa wa miaka 5 na miezi 3, bila kipengele cha kuuvunja mapema. Hiyo miezi 3 haikuwekwa bure: inaliondoa duka kwenye Sura 301, na kuanzia hapo kinachotawala ni karatasi mliyotia saini. Si lazima uukatae, kwa sababu mkataba mrefu una faida zake, lakini soma kipengele cha kupandisha. Asilimia 10 kila mwaka kutoka Sh18,000 inafika Sh26,354 mwaka wa tano. Asilimia 10 kila miaka miwili inafika Sh21,780. Tofauti ya maneno mawili matatu kwenye karatasi, na zaidi ya Sh4,500 kila mwezi mfukoni.

---

Mpangaji_Kisauni

Nashukuru sana nyote. Nimetuma Sh18,000 na Sh14,000 mbalimbali na zimepokelewa. Lakini mambo yamebadilika: tarehe 3 Agosti ajenti ameleta Fomu A ya duka, nimetia saini kuipokea. Imeandikwa kodi mpya Sh27,000 kuanzia 1 Septemba, sababu "gharama zimepanda". Kwa kuwa haijafika miezi 2, si naweza kuipuuza tu?

---

Mizani

Usiipuuze. Notisi hiyo ina kasoro kweli, kwa sababu kutoka 3 Agosti mapema kabisa ingekuwa 3 Oktoba. Lakini kasoro hiyo iseme mbele ya Jopo. Kifungu cha 10 kinasema mpangaji asipopeleka shauri, notisi inaanza kufanya kazi tarehe iliyoandikwa, na mwenye nyumba ataanza kuhesabu Sh9,000 kila mwezi kama deni. Utajikuta unaeleza kasoro ya notisi dalali akiwa mlangoni.

Kuna hatua mbili na zote ni za lazima. Wengi hufanya ya kwanza wakadhani wamemaliza.

Ya kwanza ni barua ya kukataa, ndani ya mwezi mmoja wa kupokea. Iandike leo:

"Kuhusu duka lililoko Kisauni, nambari ya kiwanja (…). Nimepokea tarehe 3 Agosti notisi yako ya kupandisha kodi kutoka Sh18,000 hadi Sh27,000. Kwa mujibu wa kifungu cha 4(5) cha Sura 301 nakujulisha kwamba sikubali kutekeleza notisi hiyo. Nitaendelea kulipa Sh18,000 kila tarehe 5 mpaka Jopo litakapoamua."

Usiongeze lawama wala historia. Nakala mbili, ajenti atie saini na tarehe kwenye yako. Akikataa kusaini, itume kwa rejista na utunze stakabadhi ya posta.

Ya pili ni kupeleka shauri lenyewe Joponi kabla ya tarehe ya notisi kuanza. Hapa fuata tarehe iliyoandikwa, si ile unayoamini ni sahihi: liwe limeshapokelewa kufikia 31 Agosti. Likishapokelewa, notisi inasimama mpaka uamuzi utoke, na wewe unaendelea na Sh18,000. Aliyechelewa anaweza kuomba Jopo limruhusu kwa sababu ya kutosha, lakini hiyo ni huruma, usiipangie.

Beba Fomu A ya asili, nakala ya barua yako iliyosainiwa, kitambulisho, taarifa ya M-Pesa ya malipo yote ya duka kadiri inavyoweza kurudi nyuma, picha ya ujumbe wa tarehe 28 Julai ikionyesha nambari na tarehe, na vipimo vya duka. Malipo yako ya zamani yalikuwa Sh32,000 kwa mkupuo, basi tafuta kitu chochote kinachoonyesha mgawanyo wa 18,000 na 14,000: ujumbe wa ajenti, risiti, hata daftari lake. Fomu A yenyewe imetaja Sh18,000 kama kodi ya sasa? Kama imetaja, hilo swali mwenye nyumba amekujibia. Ripoti ya mthamini inaweza kufuata baadaye, usichelewe kufungua shauri kwa kuingoja.

Nyumba ya juu usiitaje kwenye shauri hili. Hiyo mjadiliane kama alivyosema BintiMvita, na mfanye hivyo kabla ya 5 Septemba.